Tamko la Isansa kuhusu Pampu za Dripu na Mafunzo ya Kuzitunza



Sisi mafundi sanifu na wahandisi wa vifaa tiba, pamoja na wauguzi na wakufunzi tulio nao katika chama chetu, tumekutana hapa Isansa, Wilaya ya Mbozi, kuzungumzia kifaa kimoja tu: pampu ya dripu. Tumetoka na msimamo mmoja. Pampu ambayo haijapimwa na mtu aliyefundishwa kuipima isiwekwe kwa mgonjwa. Na chuo kinachomtunuku cheti muuguzi, tabibu au fundi ambaye hajawahi kuisafisha, kuipima wala kuiona pampu hiyo ikiwa imefunguliwa, kinamkabidhi kazi ambayo hakumfundisha.

Tumechagua kutoa tamko hili Isansa kwa sababu maalumu. Mara nyingi mambo ya vifaa tiba hujadiliwa na kuamuliwa katika miji yenye hospitali kubwa, ambako karakana iko nyuma ya wodi na fundi huitwa kwa simu akafika kabla chai haijapoa. Mgonjwa wa kata za Mbozi haishi huko. Akizidiwa hupelekwa Vwawa, akizidiwa zaidi hupelekwa Mbeya, na katika hatua zote za safari hiyo dawa inatakiwa iendelee kuingia mshipani kwa kipimo kilekile. Fundi wa halmashauri ni huyohuyo mmoja au wawili kwa vituo vyote, naye hufika kwa pikipiki, na wakati wa masika hufika barabara inapomruhusu. Kwa hiyo anayeishi na pampu usiku na mchana ni muuguzi. Kama hakufundishwa kuitunza, hakuna mwingine aliye karibu.

Kwa asiyekifahamu kifaa hiki, tueleze kidogo. Pampu ya dripu ni kisanduku kinachofungwa kwenye stendi. Ndani ya mlango wake kuna vidole vidogo vinavyobana mpira wa dripu kimoja baada ya kingine na kuyasogeza maji au dawa kuelekea kwa mgonjwa. Ndugu yake, pampu ya sirinji, husukuma kishikio cha sirinji polepole kwa skrubu inayozungushwa na mota. Zote mbili zipo kwa ajili ya wagonjwa ambao kuhesabu matone kwa macho hakuwatoshi.

Chukueni mtoto aliyezaliwa na kilo 2 akashindwa kunyonya. Siku ya kwanza anahitaji mililita 60 hivi za maji kwa kila kilo, yaani mililita 120 kwa saa 24. Hiyo ni mililita 5 kwa saa. Kwa seti ya kawaida inayotoa matone 20 kwa mililita moja, muuguzi anatakiwa arekebishe koki mpaka yadondoke matone 5 kila baada ya dakika 3, kisha aende kwa wagonjwa wengine akiamini kwamba koki haitalegea. Ikilegea, mtoto huyo anaweza kupokea ndani ya saa moja maji ya siku nzima. Mama mwenye kifafa cha mimba anayepewa magnesiamu salfeti kwa njia ya mshipa huanza na gramu 4, kisha gramu 1 kila saa. Ikizidi sana, inazima upumuaji wake. Oksitosini ikienda kasi kwa mama aliye kwenye uchungu, mfuko wa uzazi unaweza kupasuka. Hawa ndio wagonjwa tunaowasemea.

Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto nchini wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba vifo vya akina mama vitokanavyo na uzazi vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Ni mafanikio makubwa, na waliofanya kazi hiyo wanastahili heshima ya taifa. Lakini utafiti huohuo ulikuta vifo vya watoto wachanga wa chini ya mwezi mmoja viko 24 kwa kila vizazi hai 1,000, wakati 2015/16 vilikuwa 25. Katika miaka yote hiyo, idadi imepungua kwa mtoto mmoja tu katika kila elfu. Hatusemi kwamba pampu peke yake ingebadili hesabu hiyo. Tunasema kwamba mtoto mchanga mgonjwa anaokolewa na vifaa vinavyofanya kazi: mashine ya oksijeni, kifaa cha kumpa joto, pampu ya dripu. Vifaa hivyo vyote vinahitaji mtu wa kuvitunza, na mafunzo ya mtu huyo yamekuwa yakisubiri bajeti ya mwaka unaofuata, kisha wa unaofuata tena.

Pampu mbovu ni hatari kuliko kukosa pampu. Muuguzi anayehesabu matone anajua kwamba ni lazima arudi kuyaangalia. Muuguzi aliyewasha pampu anauamini mwanga wa kijani na kuondoka. Marekani, nchi isiyo na uhaba wa mafundi wala vipuri, mamlaka yake ya dawa na vifaa tiba ilipokea taarifa 56,000 hivi za matukio mabaya yanayohusu pampu za dripu kati ya 2005 na 2009, vikiwemo vifo, na katika kipindi hicho watengenezaji walitangaza mara 87 kuziondoa sokoni au kuzirekebisha pampu za aina mbalimbali. Sababu zilizotajwa ni programu zenye kasoro, vitufe na vioo vinavyomchanganya mtumiaji, na hitilafu za umeme na za mitambo. Kama hali ni hiyo kwenye hospitali zenye idara nzima ya matengenezo, sisi tusio nayo hatuwezi kuendelea kuamini mwanga wa kijani.

Tueleze tunachokikuta tunapofungua pampu, kwa sababu wengi wanaoamua bajeti hawajawahi kukiona.

Tunakuta sukari. Dripu ya dekstrosi huvuja tone moja moja wakati wa kubadilisha chupa, tone hupita pembeni mwa mlango na kukauka kwenye vidole vya pampu. Baada ya wiki chache vidole vinanata, havirudi nyuma sawasawa, na kipimo kinayumba. Sukari ikikauka juu ya kihisi cha mgandamizo, pampu inalia ikidai mpira umeziba ilhali uko wazi, muuguzi anachoka na kelele, na pampu inatangazwa mbovu. Kuna pampu tulizozifungua tukakuta sisimizi wameshafanya makazi. Tiba yake ni kitambaa laini kilicholowekwa maji ya uvuguvugu na kukamuliwa, brashi ndogo, uvumilivu, kisha kukausha vizuri kabla ya kuwasha. Hakuna kipuri kinachohitajika. Pampu hiyo huwa imekaa stoo miezi, pengine imeandikiwa barua ya kufutwa kwenye daftari la mali.

Tunakuta seti zisizo za pampu ile. Jambo hili halizungumzwi vya kutosha. Pampu ya vidole haipimi dawa iliyopita. Inahesabu mizunguko ya mota yake, na inadhani kila mzunguko umesukuma kiasi fulani kwa sababu imepangwa kwa mpira wenye upana na ulaini fulani. Ukiweka seti nyingine iliyopatikana dukani kwa haraka, kioo kitaendelea kusoma mililita 5 kwa saa wakati mgonjwa anapata zaidi au pungufu. Hakuna alamu itakayolia, kwa kuwa pampu haijui kwamba imedanganywa. Vilevile, hata seti sahihi ikibanwa sehemu ileile kwa saa nyingi hulegea, ndiyo maana kitabu cha pampu huagiza mpira usogezwe au ubadilishwe kwa wakati.

Na tunakuta betri zilizokufa. Mwaka 2021 nchi yetu ilipata mkopo wa takriban shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya kukabiliana na UVIKO-19, na sehemu ya fedha hizo ilijenga na kuwekea vifaa wodi za wagonjwa mahututi na majengo ya dharura nchini. Tulifurahi na bado tunafurahi. Lakini betri ya pampu kwa kawaida hudumu miaka 2 au 3. Vifaa vilivyopokelewa pamoja vinazeeka pamoja, na betri za vifaa vya kipindi hicho zimekwishafika ukingoni au zimeuvuka. Pampu yenye betri iliyokufa hufanya kazi vizuri kabisa ikiwa imechomekwa ukutani, ndiyo maana hakuna anayegundua. Itagundulika siku umeme unapokatika usiku, au siku mgonjwa anapoingizwa kwenye gari la wagonjwa kuelekea Vwawa na waya kuchomolewa. Pampu iliyofungiwa kabatini bila kuchajiwa huharibikiwa betri mapema zaidi, hata kama haijawahi kutumika.

Sukari, seti na betri havihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Hili si dai letu peke yetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 na Robert Malkin na mwenzake ulipitia maombi 2,849 ya matengenezo kutoka hospitali 60 katika nchi 11 zenye uhaba wa rasilimali, na ukaonyesha kwamba stadi 107 tu zingetosha kurudisha kazini takriban theluthi mbili ya vifaa vilivyoharibika. Hizo ni stadi za aina ya kubadilisha fyuzi, kupima waya kwa multimita, kusafisha, kulehemu kwa risasi, kurekebisha swichi. Mwaka uliofuata, Lora Perry na Malkin waliangalia orodha za vifaa zaidi ya 112,000 katika nchi 16 na kukuta asilimia 38.3 haviwezi kutumika. Sababu walizozitaja zilianza na upungufu wa mafunzo.

Sasa tuseme kuhusu vyuo, kwa sababu hapo ndipo tunapoelekeza tamko hili zaidi.

Nchi haikosi mahali pa kumfundisha fundi wa vifaa tiba. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam inatoa stashahada, Chuo cha Ufundi Arusha kinatoa stashahada, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kinatoa shahada. Vijana wanaotoka huko tunawapokea kazini na tunajivunia wengi wao. Upungufu uko kwenye kile wanachokishika wakiwa masomoni. Kijana anaweza kumaliza akijua mchoro wa saketi ya pampu kwa moyo, lakini hajawahi kupewa pampu iliyokataa kuwaka akaambiwa, "Itengeneze." Kwa upande wa uuguzi na utabibu hali ni ngumu zaidi. Mwanafunzi hufundishwa, tena vizuri, kanuni ya kuhesabu matone. Pampu huoneshwa kwa picha, au kwenye wodi ya mazoezi ambako anaambiwa asiiguse kwa kuwa ni moja na ni ghali. Mwaka unaofuata anakabidhiwa zamu ya usiku, yeye na pampu hiyohiyo.

Kipimo tunachotaka kila mhitimu akijue hakina gharama. Jaza dripu ya maji, panga pampu mililita 120 kwa saa, elekeza mpira kwenye silinda ya kupimia, anza saa. Baada ya dakika 15 lazima ziwe zimeingia mililita 30. Pampu nyingi zinatakiwa zisikosee kwa zaidi ya asilimia 5, kwa hiyo chini ya 28.5 au juu ya 31.5 pampu hiyo inatolewa wodini na kupewa kadi nyekundu. Kama silinda haipo, mizani inayosoma gramu inatosha, maana mililita 1 ya maji ni gramu 1. Kisha bana mpira chini ya pampu uone kama alamu ya kuziba inalia, na kama inalia kwa wakati uliotajwa kwenye kitabu chake. Ingiza kiputo cha hewa uone kama pampu inasimama. Fungua mlango uone kama dawa inazuiwa isimwagike yote kwa mkupuo. Mwisho chomoa waya, iache iende kwa betri, andika imedumu muda gani. Kazi yote hii haifiki saa mbili, na mwanafunzi aliyeifanya mara chache hataisahau.

Kwa hiyo tunatamka yafuatayo.

Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, kwa kushirikiana na Wizara ya Afya, liingize matunzo na upimaji wa pampu katika mitaala ya uuguzi, ukunga na utabibu kama stadi inayofanyiwa mtihani wa vitendo. Mwanafunzi asiyeweza kufanya kipimo tulichokieleza asihesabiwe kuwa ameiva kwa zamu. Kwa mafundi sanifu, sehemu kubwa ya alama itoke kwenye kifaa kibovu kilichowekwa mezani.

Hospitali na halmashauri zisizike wala kuchoma pampu zilizofutwa kwenye daftari la mali. Zikabidhiwe vyuo, kwa taratibu zote za mali ya umma, ziwe za kufungulia. Pampu iliyokufa kabisa bado ina mota, kihisi, bodi na vidole ambavyo mwanafunzi anaweza kuvishika bila hofu ya kumdhuru mtu. Tunajua wakaguzi huuliza maswali kuhusu mali ya aina hii, na tunaomba Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI) itoe mwongozo ulioandikwa ili mganga mfawidhi asiogope kusaini.

Bohari ya Dawa na kila mnunuzi wa umma wasinunue pampu bila kununua pamoja nayo kitabu cha matengenezo, namba ya siri ya kuingilia sehemu ya ugezi, yaani ya kurekebisha usahihi wa vipimo vyake, seti zake za angalau mwaka mmoja, betri ya akiba, na mafunzo ya fundi atakayeihudumia. Hili la namba ya siri tunalisisitiza. Kuna pampu ambazo fundi wetu anajua tatizo lake na ana kifaa cha kulipimia, lakini zinamtaka namba ambayo kampuni haitoi. Pampu iliyolipiwa kwa kodi ya mkulima wa kahawa wa Mbozi haiwezi kuendelea kufungwa na aliyekwishalipwa bei yake. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo ndiyo inayosajili vifaa hivi kabla ya kuingia sokoni, ifikirie kulifanya hilo kuwa sharti la usajili.

Wafadhili na marafiki wanaotuletea vifaa, tunawashukuru kwa dhati. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa misaada ya vifaa tiba mwaka 2011, na tunaomba ufuatwe: muulizeni mpokeaji kwanza anahitaji nini na atapata wapi seti na vipuri. Pampu ya volti 110, yenye maandishi ya lugha isiyosomeka wodini na seti zilizoacha kutengenezwa, inachukua nafasi ya stoo na muda wa fundi. Ikiwa mna fedha za pampu kumi, leteni pampu chache za aina ambayo tayari ipo mkoani, na kinachobaki kinunue betri na kulipia mafunzo ya vitendo.

Halmashauri za Mbozi, Momba, Ileje, Songwe na Mji wa Tunduma zitenge katika mipango yao ya afya fungu la matengenezo kinga ya vifaa tiba ambalo haliwezi kuhamishiwa matumizi mengine katikati ya mwaka. Tunduma na barabara kuu ya kwenda Mbeya huleta majeruhi wa ajali wakati wowote, na kuhamisha majeruhi mwenye dripu ya dawa ya kupandisha presha bila pampu yenye betri nzima ni jambo linalowaumiza watumishi wetu kila mara. Tunapendekeza halmashauri hizi ziungane kuwa na benchi moja la kupimia pampu katika mkoa, lenye mizani nzuri na vifaa vilivyofanyiwa ugezi, badala ya kila moja kusubiri uwezo wake.

Kwa waganga na wauguzi wafawidhi tuna ombi dogo ambalo halihitaji fedha ya mtu. Kila pampu iwe na daftari lake, lifungwe kwenye stendi kwa uzi kama inabidi. Iandikwe tarehe iliyopimwa, ilikosea kiasi gani, betri ilidumu muda gani, na jina la aliyepima. Pampu isiyotumika ikae imechomekwa kwenye umeme. Anayemwaga dekstrosi aifute palepale. Na muuguzi anayesema "pampu hii siiamini" asikilizwe. Asilaumiwe kwa kuharibu kifaa cha serikali. Tumeona watumishi wakificha hitilafu kwa hofu ya kukatwa mshahara, na pampu ileile ikarudi kwa mgonjwa mwingine.

Chama chetu nacho kinajifunga. Wanachama wetu waliopo katika mkoa huu watafundisha bila malipo kipimo cha pampu kwa kituo chochote cha afya na chuo chochote kitakachotualika, kituo hicho kiandae pampu, mpira, maji na watumishi wa zamu. Tutaandika mwongozo mfupi wa Kiswahili wa kusafisha na kupima pampu, wenye michoro, unaoweza kubandikwa ukutani, na tutautoa bure kwa yeyote wa kuunakili. Tutaanza kukusanya orodha ya pampu zilizopo katika vituo vitakavyoturuhusu, aina zake, umri wake na hali ya betri zake, na kuikabidhi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa. Vituo havitatajwa kwa majina mbele ya umma, kwa kuwa lengo ni pampu zitengenezwe.

Tunaomba majibu ya maandishi kutoka kwa wote tuliowataja kabla ya mwaka ujao wa masomo kuanza, ili vyuo viwe na muda wa kupanga ratiba na kukusanya pampu za kufundishia. Mafunzo ya kwanza tutayafanyia hapahapa Isansa, na watumishi wa kata jirani wanakaribishwa waje na pampu zao, hasa zile zilizokwishaandikwa kuwa mbovu.

Limetolewa Isansa, Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe,
na Kamati ya Utendaji kwa niaba ya wanachama wote.